Subaru WRX, Altezza au Golf GTI: uchukue lipi ukiwa Lubumbashi?

Ukitafuta gari la mbio lililotumika hapa Lubumbashi, na mfuko wako si wa mwenye machimbo, utazunguka wee na mwisho utarudi kwenye majina matatu: Subaru Impreza WRX ya kati ya 2000 na 2007, Toyota Altezza RS200 iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, na Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano, iliyotoka 2004 na kumwachia nafasi mdogo wake 2009. Mark X nayo imejaa mjini, nitaigusa kidogo. BMW nimeiacha makusudi. Ile inataka makala yake peke yake, na akaunti yake benki.

Vijana wakikaa kubishana juu ya magari haya wanaanza na farasi, yaani nguvu za injini: hili lina 250, lile lina 200, basi mjadala umefungwa. Lakini farasi hao walihesabiwa gari likiwa jipya. Leo hata lililo changa kati ya haya lina zaidi ya miaka 15, limepita kwenye mikono ya watu usiowajua, na hakosi mmoja wao aliyelitwanga mwaka mzima kwa oili ileile. Kwa hiyo mimi nayapima kwa swali jingine. Ugonjwa wa kila moja umejificha wapi, na unaweza kuuona kabla hujahesabu dola?

Lilivyotoka kiwandani

WRX ya Japani ina injini ya lita 2.0 yenye turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda), EJ205, ambayo silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kila upande. Farasi ni 250 na wanagawanywa kwa magurudumu yote manne. Kaka yake, STI, ana farasi 280 na giaboksi ya gia sita iliyo imara kweli. Ya WRX ina gia tano na haipendi mtu wa kuachia klachi ghafla. Ile ya Ulaya, yenye usukani wa kushoto, ilianza na farasi 218.

Altezza RS200 haina turbo. Injini yake, 3S-GE ya lita 2.0, inatoa farasi 210 kwa ile ya gia sita za mkono na 200 kwa ya otomatiki, na farasi hao wanaishi ghorofani: unawapata wote injini ikifika mizunguko 7,600 kwa dakika. Inasukuma magurudumu ya nyuma. Chunga hapa: kuna AS200, sura ileile, taa zilezile, ila ndani mna 1G-FE ya silinda sita na farasi 160. Ni injini ya amani na ya kudumu, lakini siyo uliyoifuata. Wauzaji wengi huziita zote Altezza na kutaja bei moja.

Golf GTI ni lita 2.0, turbo, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, farasi 200 kwenye magurudumu ya mbele. Gia sita, za mkono au za DSG, ile boksi yenye klachi mbili inayobadilisha yenyewe.

Hewa ya mita 1,200

Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Piga hesabu: farasi 210 wa Altezza hapa wanakuwa kama 185. Ndiyo maana mtu aliyeizoea Dar es Salaam akija kuiendesha huku anasema injini imechoka. Haijachoka, imekosa hewa.

Turbo hurudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo kwa kuzunguka kasi zaidi, na hapo Subaru na Golf wanaiacha Altezza. Kati yao wawili, usidanganywe na farasi 250. Turbo ya Golf ni ndogo, inaamka mapema, kabla injini haijafika mizunguko 2,000, kwa hiyo mjini, kutoka kwenye roboti (taa za barabarani) moja hadi nyingine, Golf ndiyo itakayokusukuma mgongo kwenye kiti. WRX inalala hadi mizunguko 3,000 hivi, kisha inaamka kwa hasira. Altezza inakutaka uifanyie kazi: gia chini, mguu ndani, subiri. Wako wanaoipenda hiyo kazi kuliko kasi yenyewe, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo soma maneno yangu juu ya Altezza ukijua hilo.

Usukani upande gani

Kongo tunapita kulia. Gari la Japani lina usukani wa kulia. Mjini watu wamezoea. Lakini toka uende Likasi au Kolwezi, ujikute nyuma ya lori la shaba, nyuma yake lori la asidi, nyuma yake jingine, vumbi na moshi vimetanda. Ukiwa na usukani wa kulia huoni kitu mpaka nusu ya gari lako iwe imeshaingia upande wa wanaokuja. Farasi 250 hawakusaidii kuona. Utamtegemea aliyekaa kushoto akwambie "twende" au "ngoja", na siku ukiwa peke yako utakaa nyuma ya lori hadi lipinde.

Kwa mtu ambaye kila juma yuko barabarani kwenda Kolwezi, karibu kilometa 300, swali hili linatangulia mengine yote, na Golf iliyotoka Ubelgiji au Ujerumani inashinda kabla hatujafungua boneti. Kuna njia mbili za kando: WRX ya Ulaya, au Lexus IS 200, ambayo ni mwili wa Altezza wenye usukani wa kushoto, ila injini ni ile ya silinda sita, farasi 155. Kama gari ni la kutoka Bel-Air kwenda mtaa wa Golf, na Jumapili Kipushi kilometa 30, usukani wa kulia utaishi nao.

Na kabla hujatuma hata dola moja Japani, kaa na dekleran wako, wakala wa forodha, akwambie masharti ya siku hiyo kuhusu umri wa gari na upande wa usukani. Kwa magari ya miaka hii naona salama zaidi kununua lililokwisha kuingia, lenye karatasi za dwani (forodha) na karte roze (kadi ya gari), na namba ya chesisi uliyoisoma mwenyewe kwenye chuma na siyo kwenye picha ya simu. Gari lenye plaka ya Zambia linalouzwa bei ya kutupa, "karatasi utamalizia wewe", liache liende.

Ugonjwa umejificha wapi

Tuanze na Subaru, maana ndiyo inayoficha kuliko zote.

Nenda kuiona asubuhi, na usimpe muuzaji saa kamili. Kabla salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, ameshaiwasha kabla hujafika, na sauti uliyoifuata imeshayeyuka. Mwambie utarudi kesho, na kesho usimpigie simu. Ikiwa baridi, mwombe yeye awashe, wewe simama mbele, kisha chuchumaa karibu na gurudumu la mbele. Subaru ina mngurumo wake wa kuchechemea unaotoka kwenye ekzosi. Huo ni wa kuzaliwa. Unachotafuta ni mlio wa chuma, mzito, unaotoka chini kabisa ya injini. Mwambie apandishe taratibu hadi mizunguko 3,000, aachie. Kama wakati wa kuachia unasikia nyundo ndogo ikigonga haraka haraka, beringi za konrodi zinaaga. Muuzaji atakwambia, "Mukubwa, njo sauti yayo, ma-Subaru yote iko vile." Mwitikie kwa heshima na ushike njia.

Ikipita mtihani wa sauti, chomoa kijiti cha oili. Kikiwa hakifiki hata alama ya chini, hiyo peke yake inakueleza maisha iliyoishi, kwa sababu injini hizi hunywa oili kidogo na mwenye kuipenda hupima kila baada ya matanki mawili. Pangusa oili kwenye kitambaa cheupe, kisogeze juani. Weusi si neno. Kumetameta kwa rangi ya shaba ni neno kubwa. Halafu fungua kopo la maji ya akiba injini ikiwa imeshapata moto (kopo, siyo kifuniko cha radiata, usije ukaungua): mapovu yanayopanda bila kukoma na harufu ya moshi maana yake gasketi ya hedi inapitisha.

Ukimaliza hayo yote bado hujaona ndani. Kingo za pistoni zinazoshika pete zinaweza kuwa zimeshapasuka kwa sababu ya petroli dhaifu, na gari likatembea vizuri kabisa siku ya majaribio. Kinachoonyesha ni kupima mgandamizo wa kila silinda. Fundi mwenye geji atatoa bujie (plagi) nne, na kwenye Subaru zimebanwa ubavuni, kazi ya saa nzima ya kuchubuka vidole. Muuzaji akikataa kipimo hicho, amekwisha kujibu. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, hesabu bei ya injini nyingine.

Jambo la mwisho kwa Subaru, linalosahaulika: tazama tairi. Zote nne ziwe za aina moja, saizi moja, na zimelika sawa. Mtu aliyeweka mbili mpya mbele na kuacha mbili zilizokwisha nyuma amekuwa akiipika difrensha ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, kila kilometa aliyotembea. Zungusha kona kali polepole kwenye uwanja. Gari likijikaza na kurukaruka kama linavutwa nyuma, ndiyo hiyo.

Altezza ugonjwa wake uko nje, mahali jeki na tochi vinafika, na kwangu hilo lina thamani kuliko farasi 40. Boljointi za chini za mbele ndizo udhaifu wake unaojulikana. Ikichomoka ukiwa kasi, gurudumu linalala. Inua mbele, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, usiiendeshe hata kurudi nyumbani kabla ya kubadilisha, lakini usiikatae kwa hilo, ni piesi (kipuri) ya kawaida. Tazama kaliperi za breki za mbele kama hazijakwama. Kwenye gia, panga ya pili injini ikiwa baridi, kisha ikiwa moto. Ikikwaruza mara zote mbili, sinkro imekwisha. Mkwaruzo mfupi wa sekunde moja au mbili wakati wa kuwasha kwa baridi mara nyingi ni gia ya VVT-i, ile inayobadilisha wakati wa valvu kufunguka, si kifo, ila ni hela. Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilometa 100,000. Bila karatasi wala stika, chukulia haujawahi kubadilishwa, neno la muuzaji lisikuzuie.

Kilicho kibaya kwenye Altezza ni historia yake. Kwa kuwa inasukuma nyuma na ina gia za mkono, nyingi zimefanyiwa mchezo wa kuserereka, Japani na baada ya Japani. Lala chini uangalie nyuma: mishono ya kulehemu isiyo ya kiwandani, difrensha iliyolehemiwa ndani (itakujulisha kwa kukwaruza tairi kwenye kila kona ya polepole), matairi ya nyuma mapya kabisa na ya mbele kongwe.

Golf inaficha kwanza kwenye kompyuta. Usiende kuiona bila fundi mwenye mashine ya kusoma Volkswagen. Ile ya kawaida ya kila gari itakupa nusu ya habari. Na muuzaji mjanja hufuta hitilafu zote asubuhi kabla hujafika, dashibodi inabaki safi kama ya harusi. Mwambie fundi aangalie vile vipimo vya ndani ambavyo gari hujifanyia lenyewe likitembea. Kama vyote vinasoma "havijakamilika", zimefutwa muda si mrefu.

Kisha kuna kikombe kidogo cha chuma, kama kizibo, kilicho kati ya kamu (shafti inayofungua valvu) na pampu ya petroli ya presha. Katika injini ya kizazi cha tano kikombe hicho hulika. Kikitoboka, pampu inaanza kuila kamu yenyewe, na kamu ya Golf haipatikani jioni hiyohiyo. Uzuri ni kwamba pampu imeshikwa na boliti tatu, fundi anaitoa kwa muda wa chai mbili. Mwombe muuzaji ruhusa, lipia kazi hiyo mwenyewe. Kikombe kikiwa cheusi chote na uso umenyooka, vizuri. Kikiwa na duara linalong'aa katikati, kinakaribia.

Kama ni DSG, itembeze kwenye foleni: ikitetemeka wakati wa kuondoka, au ikisita sekunde kabla ya kuingia kinyumenyume, bei ya kuiponya inaweza kukaribia nusu ya bei ya gari. Uliza oili yake na filta vilibadilishwa lini, maana vinatakiwa kila kilometa 60,000. Wengi hawajui kama boksi ile ina oili.

Mark X niliyoahidi: ya lita 2.5 (farasi 215) na ya lita 3.0 (farasi 256) za 2004 hadi 2009 ni otomatiki, tulivu, za heshima. Injini ya 2.5 ina tabia ya kujaza masizi kwenye valvu. Ni gari zuri la kusafiria, lakini mwenye kuipenda gia ya mkono atachoka nayo mapema.

Petroli

Hapa Subaru ya Japani inaumia kuliko zote. Kompyuta yake ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, na ya namna hiyo usitegemee kuikuta stesheni. Petroli ya oktani ndogo hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, pistoni ikiwa bado inapanda. Turbo ikiwa imeshasukuma hewa ya kutosha, mlipuko huo ndio unaopasua kingo za pistoni nilizozitaja. Ya Ulaya ilipangwa kwa 95, ndiyo maana farasi wake ni wachache na roho yake ni ndefu. Golf nayo inapenda nzuri ila ina sensa zinazoirudisha nyuma kwa upole. Altezza nayo ilipangwa kwa petroli nzuri, ila kwa kuwa haina turbo na hewa yetu ni nyepesi, inavumilia zaidi. Bidoni za kando ya barabara, kwa magari yote matatu, hapana. Ukichanganyiwa mafuta ya taa, utayatambua injini ikishaanza kugonga.

Piesi na mikono

Fundi wa Toyota humkosi, kwenye komini zetu za Kenya, Katuba, Kampemba, popote. Altezza ikileta hitilafu, fundi mzee anaweza kuhesabu mwako wa taa ya injini na kukwambia tatizo bila mashine yoyote. Subaru ina mafundi wachache, na wachache hao wana foleni; lakini mpaka wa Zambia wa Kasumbalesa uko kilometa 90 kutoka hapa, watu wa Copperbelt, jimbo la ng'ambo yake, wana mapenzi ya rali, na piesi za Subaru kule hupatikana. Za Golf hutoka Afrika Kusini, ambako GTI ni kama dini, au Ulaya. Zinafika, kwa siku zake na kwa bei yake. Jipime: gari likikaa juu ya mawe majuma matatu likisubiri sensa, utaendaje kazini?

Kuongeza nguvu

Golf ndiyo rahisi. Programu peke yake, bila kufungua boliti, inaweza kuipeleka kutoka farasi 200 kuelekea 240, ilimradi koili, bujie na valvu ya turbo ni nzima. Shida ni anayeiweka: faili lililonakiliwa kwenye flashi na kupitishwa kutoka mkono hadi mkono halijui petroli yako wala urefu wa mji wako.

Subaru inaongezeka vizuri na inakufa vizuri. Kinachoziua ni utaratibu uleule: ekzosi pana, filta ya wazi, na kompyuta imeachwa ilivyo. Hewa imeongezeka, presha ya turbo inapanda kuliko ilivyopangwa, petroli haijaongezwa, joto linapanda, basi. Panga kompyuta kwanza, kwa petroli utakayoinunua kweli, au usiguse kitu. Na ile valvu ya "pshhh" inayotupa hewa nje? Sensa imeshahesabu hewa hiyo kuwa inaingia, kwa hiyo kila "pshhh" injini inabaki na petroli ya ziada. Unalipa kwa sauti.

Altezza usiihangaikie nguvu, haitakupa. Dola zilezile ziweke kwenye tairi nzuri, pedi za breki, shokapu na difrensha yenye kudhibiti mtelezo (nyingine zilitoka nayo kiwandani). Ila usiishushe. Matuta yetu na mashimo ya mwezi wa pili yatakula bampa lako na ekzosi lako kwa zamu.

Vumbi, halafu mvua

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hapati mvua mtu, na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye redio. Filta ya hewa ya wazi inayopendwa na vijana wakati huo ni mlango wa mchanga: kila chembe inayopita inakwangua kingo za mapanga ya turbo. Acha boksi la kiwandani, badilisha filta mara mbili ya ilivyoandikwa. Kwenye WRX, kipoza hewa kimekaa juu ya injini chini ya lile tundu la boneti. Kipulizie mapezi yake, lakini kwa upepo mdogo yasikunjike. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mambo yanageuka: maji barabarani, na Golf ina kipoza hewa na mabomba yake chini mbele. Usifuate Land Cruiser kwenye dimbwi.

Radiata zijaze maji ya dawa, siyo ya bomba, kwa yote matatu. Subaru baada ya kujazwa itolewe hewa kwa uvumilivu, maana injini iliyolala hufuga mapovu, na povu moja kwenye hedi linatosha kuchoma gasketi.

Uamuzi wangu

Kwa mwenye gari moja tu, anayelitegemea kwenda kazini, na fundi wake ni wa Toyota: Altezza RS200 ya gia za mkono. Ni ya taratibu kuliko zote tatu hapa mjini, na utakapoinunua utakuwa umeshaiona yote.

Kwa msafiri wa Likasi na Kolwezi: Golf GTI ya usukani wa kushoto, ya gia za mkono, baada ya kikombe kile kutolewa na kutazamwa. DSG nitaichukua tu ikiwa na karatasi za oili.

WRX ni ya mwenye gari la pili uani na hela ya injini nyingine imewekwa kando, kweli imewekwa, siyo ya kuahidiwa na shemeji. Huyo atafurahi kuliko wenzake wote, hasa mvua ikinyesha na magurudumu manne yakashika. Na kama unaitaka Subaru lakini barabara ya kwako haijawekwa lami, tafuta Forester ya turbo ya 2002 hadi 2007: farasi 220, magonjwa yaleyale, ila tumbo liko juu.

Juma la kwanza

Ukishalipa, usilipeleke popote kujionyesha. Mwaga oili ya injini ukiwa umesimama hapo hapo, uone inatoka na nini, weka mpya na filta. Kwa turbo 5W-40 ya sinthetiki, na kuanzia siku hiyo usivuke kilometa 5,000 bila kubadilisha. Golf iwekewe ile yenye alama ya VW 502 00 kwenye kopo, ukikagua kama kifuniko hakijafunguliwa. Badilisha mafuta ya breki, yale ya zamani yana maji na yatachemka siku utakapoyahitaji. Mkanda wa taiming pamoja na pampu ya maji na rola zake vifanywe kwa mpigo, maana kazi ya kufungua ni moja, na mkanda ukikatika valvu zinaweza kukutana na pistoni. Andika kilometa kwa kalamu isiyofutika kwenye stika, ibandike ndani ya mlango. Halafu tembea nalo kilometa 500 za upole, ukipima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kiwango chake ukikiandika pembeni ya ile stika.